Diminishi Zote Ni Tatu Tu

REHEMA: Haya, karibuni tena. Leo tumehamia kwenye piano, kwa hiyo mkisikia kiti kinalia, ni cha Hamisi.

HAMISI: Kitaachaje kulia, dada, wiki nzima nimekikalia? Nimebandika ukutani chati ya kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, zile za diminishi za noti nne nne. Ziko 12. Nimefika ya tano, ya kwanza imeshanitoka.

REHEMA: Ibandue.

HAMISI: Chati nzima?

REHEMA: Nzima. Piga C. Sasa hesabu nusu toni tatu kwenda juu, usiruke kitufe, cheusi wala cheupe.

HAMISI: Moja, mbili, tatu... E flati.

REHEMA: Ndiyo. Flati ni nusu toni chini, shapu ni nusu toni juu. Tatu nyingine.

HAMISI: G flati.

REHEMA: Zipige zote pamoja.

[kodi]

Hiyo ni diminishi ya noti tatu. Nenda tatu nyingine juu.

HAMISI: A.

[kodi ya noti nne]

Aa, hii naijua! Ni ya zile sinema za kimya, jambazi akiingia mlangoni.

REHEMA: Hiyohiyo. Waliitetemesha mpaka ikawa kichekesho, na ndiyo sababu watu wengi wanadhani kazi yake ni kutisha tu. Halafu kabla hatujaandikiwa barua: wanaofuata sarufi ya nota wataiita hiyo A yako B yenye flati mbili. Wana haki yao. Kidole hakijali, kitufe ni kimoja. Haya, toka A, panda tatu tena.

HAMISI: A shapu, B... C. Nimerudi nilikoanzia.

REHEMA: Oktava, yaani kutoka C hadi C inayofuata, ina nusu toni 12, na wewe umeikata vipande vinne vilivyo sawa. Kwa hiyo ukiulizwa diminishi ya E flati ya noti nne, utapiga nini?

HAMISI: E flati, G flati, A, C. Subiri kidogo. Ni noti zilezile!

REHEMA: Na ya G flati, na ya A. Kodi moja, majina manne.

HAMISI: Kwa hiyo 12 kugawa kwa nne... Mimi nimelipa kodi hii mara nne!

REHEMA: Ya kwanza hiyo: C, E flati, G flati, A. Ya pili inaanzia C shapu: C shapu, E, G, B flati. Ya tatu D, F, A flati, B. Ukijaribu kuanza ya nne kwenye E flati, umerudi kwenye ya kwanza. Vidole 1, 2, 3 na 5, umbo halibadiliki sana. Zile za noti tatu ndizo zinabaki 12, ila kila moja imo ndani ya hizi.

HAMISI: Sawa, nimezishika. Nizipige wapi sasa? Maana jana niliiweka katikati ya wimbo, nikakaa juu yake na pedali nimekanyaga. Kila aliyekuwa chumbani akageuka.

REHEMA: Kwa sababu uliisimamia. Ndani yake mna tritoni mbili, yaani noti zilizopishana nusu toni sita: C na G flati, kisha E flati na A. Hakuna noti inayotaka kukaa. Sasa sikiliza hii ya tatu ikienda C.

[B, D, F, A flati, kisha C meja]

Umesikia? B imepanda nusu toni kwenda C. F imeteremka E. A flati imeteremka G. Zimesogea padogo mno, lakini ni kama mtu amepumua. Ndiyo maana ninamwambia mwanafunzi asiguse diminishi kabla hajajua kodi inayofuata.

HAMISI: Mimi nilijifunza umbo kwanza.

REHEMA: Wengi hufanya hivyo, na mimi nilianza hivyohivyo. Matumizi ninayoyapenda zaidi ni ya kupitia. Una C, unataka kwenda D maina. Weka C shapu diminishi katikati.

HAMISI: [C, C shapu diminishi, D maina] Besi inapanda ngazi!

REHEMA: C, C shapu, D. Sasa ile ya wapiga piano wa injili: F, kisha F shapu diminishi, kisha C lakini besi ipige G.

HAMISI: [anapiga] Eeeh! Hii nimeisikia maisha yangu yote, sikujua ina jina.

REHEMA: Angalia lakini. Wakishaijua hiyo wanaiweka kila mstari mpaka inachosha. Mara moja, kwaya ikikaribia kufunga, inatosha.

HAMISI: Na nusu diminishi je?

REHEMA: Ni B, D, F na A asilia badala ya A flati. Ni laini zaidi, na ule ujanja wa kugawa sawasawa haufanyi kazi hapo. Tuiache. Nataka nikuonyeshe jambo moja. Shika ya tatu, D, F, A flati, B. Teremsha noti moja tu nusu toni. Anza na A flati.

HAMISI: Inakuwa G. D, F, G, B... hii si G seveni?

REHEMA: Ndiyo. Seveni ni kodi ya noti nne inayovuta kwenda kodi nyingine. Hii inakupeleka C. Irudishe, uteremshe B.

HAMISI: B flati. D, F, A flati, B flati. B flati seveni! Inakwenda E flati.

REHEMA: Kila noti ukiiteremsha, yenyewe ndiyo inakuwa mzizi, noti inayoipa jina, wa seveni mpya. Teremsha F, umepata E seveni, unakwenda A. Kodi moja, milango minne ya kutokea. Ndiyo maana watunzi wanaipenda wakitaka kuhama ufunguo, yaani noti ambayo ni nyumbani kwa wimbo, bila kelele.

HAMISI: Ngoja nijaribu mwenyewe, usiniambie. Nipo kwenye C, napiga hiyo ya tatu, nateremsha noti moja, narudi C.

[C, kodi ya tatu, kodi ya seveni, kodi ya kutulia]

REHEMA: Umetulia vizuri. Uko wapi?

HAMISI: C... hapana. Vidole vyangu viko kwenye vitufe vyeusi.

REHEMA: Uliteremsha ipi?

HAMISI: D. Ikawa D flati. Niko G flati!

REHEMA: Hakuna ufunguo ulio mbali na C kuliko huo, Hamisi.

HAMISI: Lakini ilisikika kama nimefika.

REHEMA: Ilisikika. Sasa piga tena diminishi ileile, utafute njia ya kurudi.