Gari lina matata baada ya kubadilishwa oili? Zima injini, usirudi gereji ukiendesha

Karibuni. Video hii ni ya mtu aliyetoka kubadilisha oili sasa hivi, ile sevisi ya dakika ishirini unayosubiri ukiwa umekaa kwenye benchi, na kabla hajafika nyumbani gari limeanza mambo. Pengine taa imewaka, kuna harufu ya kuungua, injini inatetemeka, au umeegesha na kuona matone chini. Kama ndiye wewe, na unanitazama ukiwa kando ya Thika Road au Waiyaki Way, shika neno hili kabla ya mengine yote: usiwashe gari kulirudisha gereji. Najua ndilo wazo linalokuja kwanza, kwa sababu wao ndio walioligusa na hawako mbali. Lakini injini iliyokosa oili huharibika kwa dakika chache, na zile kilomita tatu za kurudi ndizo zinazogeuza kosa la washa ndogo, ile pete ya kuzibia nati, kuwa kosa la kununua injini nzima. Wao ndio waje kwako, au gari libebwe.

Washa hazadi, weka pembetatu zako nyuma ya gari, abiria washuke upande usio na magari. Kama uko juu ya Expressway, usianze kufungua boneti huko. Omba usaidizi uondolewe barabarani kwanza, haya mengine yatangoja.

Sasa tutazame dashibodi. Taa nyekundu yenye umbo la birika linalodondosha tone ni ya presha ya oili. Nasisitiza presha, kwa sababu watu wengi hudhani inapima oili imebaki kiasi gani. Ukiwasha swichi kabla ya kupiga stata, taa hii inatakiwa iwake, na injini ikishika inatakiwa izime ndani ya sekunde chache. Mara ya kwanza baada ya kubadilisha filta inaweza kukawia kidogo na ukasikia mlio mdogo wa vyuma, kwa sababu filta mpya bado inajaa. Hilo ni sawa. Lakini ikiwaka ukiwa safarini, hata kwa kupepesa tu unapokunja kona au unapofunga breki, zima injini hapo hapo. Usiiwashe tena ili uone kama itarudi.

Taa ya manjano ya umbo la injini ni habari nyingine, na tutaifikia. Na ile ya spana inayokukumbusha kilomita za sevisi mara nyingi ni kwamba fundi hakuirudisha sufuri. Hiyo isikunyime usingizi.

Haya, boneti. Gari nililonalo hapa ni Toyota Fielder ya injini 1NZ, cc 1500, ambayo mtaani kwetu zimejaa. Liwe pahali tambarare, injini imezimwa kwa dakika tano hadi kumi ili oili ishuke kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, ifute kwa tishu, irudishe hadi mwisho, kisha uichomoe tena na usome. Usomaji wa kwanza usiuamini. Kuna alama mbili, ya chini na ya juu, na oili inatakiwa iwe katikati yake au iguse ile ya juu. Piga picha ya dipstiki ukiwa umeishika. Hiyo picha utaihitaji baadaye.

Kama dipstiki imetoka kavu, kazi yako ya ufundi imeishia hapo. Kama oili iko chini ya alama ya chini lakini taa nyekundu haikuwaka wakati wowote, unaweza kuongeza oili ya aina ile ile, kidogo kidogo, lakini si kabla ya kujua ilikoenda.

Na kama imepita alama ya juu? Hapa nataka tukae kidogo, maana ndilo kosa ninaloona watu wakilipuuza. Oili kwetu huuzwa kwa mtungi wa lita 4. Injini hii ya 1NZ, pamoja na filta, inachukua kama lita 3.7. Vitz ya cc 1000 inachukua kama lita 3 na kidogo. Fundi mwenye haraka anamimina mtungi wote, na mwenye gari anafurahi kwamba hajaibiwa oili yake. Ongeza na ile ya zamani ambayo haikumwagika yote kwa sababu nati ilirudishwa upesi. Milimita mbili tatu juu ya alama hazitaua injini. Lakini ikizidi sana, krankshafti, ile shafti kuu inayozunguka ndani ya injini, inaanza kuipiga oili na kuitia hewa mpaka inakuwa povu kama maziwa yanayofurika sufuriani, na povu halilainishi vyuma wala halishiki presha. Utaona moshi wa buluu nyuma, na oili itaanza kujitafutia njia kwenye sili, zile raba zinazoizuia isitoke. Ikiwa imezidi kwa sentimita moja hivi au zaidi, usiendeshe. Ipunguzwe kwanza.

Wenye Subaru, nisikilizeni vizuri. Chini ya gari lenu kuna nati zaidi ya moja ya kumwagia, na fundi asiyelijua gari anaweza kufungua ya giaboksi akidhani ni ya injini. Anamwaga mafuta ya gia, halafu anajaza oili mpya juu ya ile ya zamani ambayo haijatoka. Dalili zake huja pamoja: dipstiki inaonyesha oili imepanda kupita kiasi, na ukiweka D gari linanguruma bila kwenda, au linashika kwa kushtuka. Ukiona hivyo usikanyage mafuta kulilazimisha. Na likivutwa, libebwe juu ya lori la kitanda, magurudumu yote manne hewani, kwa sababu Subaru nyingi husukuma kwa magurudumu yote na kuliburuza kwa mawili kunamalizia kuharibu kilichobaki.

Tukiwa bado juu, hakikisha kifuniko cha kumiminia oili kipo na kimekazwa. Kikisahaulika, oili inarukia injini nzima, na magari mengine hutetemeka kwa sababu hewa inaingia pasipo hesabu. Kisha fuata mpira mkubwa wa hewa hadi kwenye boksi la eya klina. Mara nyingi fundi hulifungua kukuonyesha kwamba chujio ni chafu ili akuuzie jingine. Bonyeza klipu zote, uone kama zimeshika. Juu ya bomba lile kuna sensa ya hewa yenye waya. Plagi yake ikiachwa wazi, taa ya manjano inawaka na gari linakosa nguvu. Ukiirudisha ikasema “tak”, injini hutulia, ingawa taa inaweza kubaki kwa muda au ikahitaji kufutwa kwa mashine.

Sasa chini. Naomba usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, hata kwa sekunde kumi. Jeki huteleza. Na huna haja ya kuingia: washa tochi ya simu, anza kurekodi video, ipitishe chini polepole kwa mkono, kisha uitazame ukiwa umesimama. Hivi ndivyo ninavyofanya sasa. Mnaona pale panapong'aa?

Kuna sehemu mbili za kutafuta. Ya kwanza ni nati ya sampu. Iko chini kabisa, kwa hiyo ikiwa haijakazwa, au washa yake imechoka, itadondosha hata injini ikiwa imezimwa. Tandika kadibodi safi chini yake ungoje robo saa. Ikidondosha matone machache, fundi aikaze au abadilishe washa. Lakini kama ilikazwa kwa nguvu mpaka meno ya sampu yakakwanguka, kukaza tena hakutasaidia, na hiyo ni gharama ya gereji, si yako.

Ya pili ni filta, na hii huvuja zaidi injini ikiwa inanguruma, kwa sababu ndipo presha inapopita. Kosa kubwa la hapa ni raba mbili. Filta ya zamani ilipotolewa, raba yake ilibaki imeganda kwenye injini, na ile mpya ikafungwa juu yake. Inaweza kushika ukiwa gereji, kisha ukipandisha spidi raba zinateleza na oili inamwagika karibu yote kwa muda mfupi. Ukiona filta imelowa kuzunguka ukingo wake, usikubali mtu aikaze tu. Itolewe, raba ya zamani ibanduliwe, uso ufutwe, raba mpya ipakwe oili, ifungwe kwa mkono hadi iguse, kisha robo tatu ya mzunguko.

Kuhusu harufu: oili kidogo iliyomwagikia ekzosti wakati wa kazi hutoa moshi mwepesi na huisha baada ya mwendo mfupi. Moshi unaoongezeka, au unaokuja na matone, ni uvujaji.

Umepata shida ilipo. Piga simu gereji, eleza kwa upole, watumie picha, uwaambie waje. Hifadhi risiti, ujumbe wa M-Pesa, picha ya stika ya sevisi na picha ya kilomita kwenye dashibodi. Ukilipia kwa till, ujumbe unaonyesha jina la biashara na saa, na hilo lina uzito. Kama injini imeanza kugonga, yaani pengine imenoki, usiruhusu waifungue kabla fundi asiyehusika nao hajaiangalia na kuandika alichokiona. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinakupa haki ya huduma ya kiwango kinachofaa na fidia ukipata hasara. Wakikataa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na unaweza kujisimamia bila wakili.

Likishatengenezwa, usiondoke kwanza. Simama hapo waliwashe, taa nyekundu izime, injini ikae ikinguruma dakika chache huku ukitazama chini. Izimwe, ungoje, usome dipstiki mwenyewe. Omba uonyeshwe filta ya zamani ikiwa na raba yake, na mtungi wa oili uone namba zake za uzito: kama kitabu cha gari kinasema 0W-20 au 5W-30, usiwekewe 20W-50 kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye rafu. Oili iliyobaki ni yako, ibebe kwenye buti. Usiku tandika kadibodi chini ya injini, na asubuhi, kabla hujapiga stata, itazame na upime dipstiki mara moja zaidi.