Nilifia kwenye 39

BEKA: Ngoja, ngoja, usirekodi kwanza, hapa nimebakiza ka... aaaah! Nimekufa.

ZUHURA: Tumeshaanza zamani, wasikilizaji wamekusikia ukilia. Karibuni jamani, mimi Zuhura, huyu anayesonya hapa ni Beka, na mada yenyewe ndo hiyo iliyomuua, yale magemu ya simu madogomadogo, rangi mbili tatu, picha za vibox vibox kama yametengenezwa enzi za Mwalimu, halafu magumu mpaka unatamani utupe simu dirishani.

BEKA: Halafu hutupi.

ZUHURA: Utupe vipi na simu ya mkopo.

BEKA: Hahaha! Mi kilichoniharibu ni Flappy Bird bana, 2014 mwanzoni, nina kisimu changu kioo kimepasuka kona, nikaona kila mtu chuo kainamia simu anatukana. Kandege kanaruka, kazi yako ni kugusa kioo, ukigusa kanapanda, ukiacha kanashuka, mbele kuna mabomba ya kijani moja linatoka juu jingine chini, unapita katikati, basi. Mara ya kwanza nikapata sifuri, ya pili sifuri, ya tatu nikapata moja nikashangilia kama goli la dabi.

ZUHURA: Moja!

BEKA: Moja Zu! Sasa mle kulikuwa na medali, pointi 10 unapewa shaba, 20 fedha, 30 dhahabu, ukifika 40 ndo platinamu. Siku hiyo niko kwenye daladala pale Mwenge, foleni haisogei, nina 30, mara 35, kidole kinateleza kwa jasho, 38, 39, konda huyu hapa ananigonga bega, "kaka nauli".

ZUHURA: Usiniambie.

BEKA: Nikamwangalia mara moja tu. Kurudisha macho, kandege kamelala chini kichwa kimezama. 39. Konda akachungulia akaniambia "pole mwanangu", nikampa elfu kumi nikashuka bila hata kudai chenji.

ZUHURA: Nikuulize kitu. Ukishafika huko thelathini na kitu, mabomba yanaongeza spidi?

BEKA: Yanaongeza sana, kule juu ni balaa yani...

ZUHURA: Hayaongezi!

BEKA: We.

ZUHURA: Hayaongezi Beka. Spidi ileile, uwazi uleule, kinachobadilika ni uwazi umekaa juu kidogo au chini kidogo, basi, bomba la 39 ni ndugu yake bomba la 1. Ila bomba la 3 unapita huku unaongea na jirani kwa sababu huna cha kupoteza, la 39 umeshika simu kama umebeba trei la mayai. Gemu imekaa palepale, wewe ndo umeanza kuogopa, na ndo kinachonifanya niipende, haikuonei.

BEKA: Kwa hiyo miaka yote hii nasingizia spidi?

ZUHURA: Na konda.

BEKA: Konda simsamehe.

ZUHURA: Na aliyeitengeneza ni kijana mmoja wa Hanoi kule Vietnam, Dong Nguyen, peke yake. Akaitoa Mei 2013, ikakaa miezi hamna anayeishughulikia, ghafla Januari 2014 ndo namba moja, ikaripotiwa anaingiza kama dola 50,000 kwa siku za matangazo. Februari akaandika Twitter kwamba baada ya saa 22 anaiondoa, na kweli akaiondoa, akasema aliitengeneza mtu acheze dakika chache akiwa ametulia, sasa watu wamekuwa mateja.

BEKA: Elfu hamsini dola kwa siku! Mi ningewaambia poleni ndugu zangu, endeleeni kufa. Na watu wakaanza kupiga mnada eBay simu ambazo gemu bado imo, bei za kiwanja.

ZUHURA: Sasa we unayemlaumu konda, hujakutana na Super Hexagon. Ya Terry Cavanagh, mtu wa Ireland, 2012. Kapembetatu kanazunguka katikati, kuta zinakuja kukubana toka pande zote, we unasogea kushoto au kulia kutafuta upenyo, na skrini nzima inazunguka na muziki unadunda. Ngazi ya kwanza, ile rahisi kuliko zote, imeandikwa "ngumu".

BEKA: Rahisi inaitwa ngumu?

ZUHURA: Inayofuata "ngumu zaidi". Kuimaliza ngazi unatakiwa usife sekunde 60. Mi wiki ya kwanza 10 zilikuwa zinanishinda. Ila ukifa unagusa tu umerudi ndani, hujapata hata muda wa kukasirika, ndo maana unasema moja ya mwisho saa nne, unashtuka saa saba usiku.

BEKA: Hapo umenigusa, maana siku hizi nashusha gemu inayojiita ngumu, nakufa, tangazo sekunde 30, nakufa, tangazo, mara inakwambia ununue roho tano. Hiyo siyo ngumu hiyo, hiyo ni geti. Bora kale kadinosaria ka Chrome, ile brauza ya Google, bando likikata kenyewe hako hapo, karuke makaktasi. Ka bure toka 2014.

ZUHURA: Kale sasa ndo kanaongeza spidi kweli, na ndege wale wanakuja usoni. Unajua mi kuna siku bando limerudi nikazima data makusudi nimalizie?

BEKA: Sikuamini, naamini. Halafu watoto wanaona mambo mapya, wakati sisi tulianza na nyoka wa Nokia 3310, namba mbili juu, nane chini, mkia umejaa kioo kizima huna pa kupita. Na mle ndani kulikuwa na Bantumi, watu hawakuwa wanaifungua, kumbe ni ukoo mmoja na bao la babu zetu kabisa, unagawa kete kwenye mashimo.

ZUHURA: Babu yangu angeidharau ile, bao la mashimo 14.

BEKA: Lete hiyo heksagoni yako hapa.

ZUHURA: Hapa hapa hewani? Haya, shika. Kushoto, kulia, basi.

BEKA: Rahisi mbona, hii naweza nika... aah! Sikuwa tayari. Tena. We subiri... Hii simu yako kioo kizito.

ZUHURA: Sekunde nne.

BEKA: Usiniongeleshe, we ndo konda sasa.