Chozi kwenye mkomamanga: kupanga picha na kuikata

Haya jamani, karibuni uani, Raskazone hapa Tanga. Saa moja na nusu asubuhi, jua liko mgongoni kwangu. Chozi ni yule ndege mdogo anayefyonza maua, na dume lake hung'aa mwanga ukimpiga kutoka upande wako. Ukimpiga picha jua likiwa nyuma yake, utapata kipande cha mkaa. Ikifika saa nne jua liko juu, vivuli vinaziba jicho. Muda huo anikeni nguo.

Lenzi ya milimita 300, shata (muda wa kufunguka kwa kamera) sekunde 1/2000, maana huyu hatulii. Kamera ikitoka kwenye kiyoyozi, iacheni kwanza kwenye begi lililofungwa izoee joto, la sivyo ni ukungu mtupu.

Fokasi iwe kwenye jicho, lile lililo karibu nawe. Nakaa kwenye kigoda ili lenzi iwe usawa wa ua la mkomamanga. Na msijaze fremu! Mwachieni nafasi, hasa mkiani. Mkia, jamani.

Hebu ngoja... mnaona weupe ule nyuma ya kichwa? Ndoo. Mwanangu, nitolee hiyo ndoo! Ahsante. Kama hakuna wa kuitoa, sogea hatua moja kushoto, majani ya mgomba yaingie nyuma yake. Yakiwa mbali, mita nne au tano, yanageuka rangi tupu.

Kaja. Piga mfululizo... Kunguru hao! Basi, kaondoka. Tunazo kumi na mbili, zinatosha.

Twende kwenye kompyuta. Chagua moja, jicho liwe na nukta ya mwanga. Zisizo nayo futa, usizionee huruma.

Sasa hapa polepole. Ukuta wa nyuma umelala upande, kwa hiyo NYOOSHA KWANZA, ndipo ukate kingo. Picha yangu ni pikseli 6000 kwa 4000. Kuinyoosha nyuzi 5 tu kunakula karibu sehemu moja ya tano ya picha yote, kwenye pembe. Zinabaki kama 5320 kwa 3550. Ukianza kukata kwa kubana halafu ukanyoosha, pembe zinaondoka na ncha ya mkia. Nyoosha, halafu kata. Narudia: nyoosha, halafu kata.

Washa mistari ya theluthi, ile inayogawa picha mara tatu kwa urefu na kwa upana. Jicho likae kwenye makutano ya juu, mdomo uelekee upande wenye nafasi. Mbele ya mdomo paache mara mbili ya palipo nyuma ya mkia. Mimi ndege wa katikati siwapendi, wanafanana na picha ya pasipoti. Tawi likikatwa, likatwe penye unene, si kwenye kifundo wala kwenye kucha za ndege.

Kwa A4 ya kuchapa, iliyosimama, mnahitaji pikseli 2480 kwa 3508. Mnaona ilivyotosha kwa tundu la sindano? Mkinyoosha nyuzi 6, haitoshi. Instagram, 1080 kwa 1350 inatosha.

Hifadhini kama nakala, ile ya asili isiguswe. Fremu za mninga za A4 ninazo, na vioo vyake.