Shanghai: Mwavuli wa Mama, Hati ya Binti

Habari za siku nyingi, ndugu zangu. Leo niko Renmin Gongyuan, bustani ya katikati ya jiji la Shanghai. Kamera naielekeza chini kwa makusudi, maana wazazi hawa hawapendi kupigwa picha, na wana haki. Ila itazameni hii miavuli iliyofunguliwa na kupangwa chini. Mvua hakuna. Kila mwavuli umebandikwa karatasi: mwaka wa kuzaliwa, urefu, elimu, mshahara, ana nyumba au hana. Kila wikiendi wazazi wanakuja hapa kuwatafutia watoto wao wachumba, na watoto wenyewe wengi wao hawapo.

Nimekuja kwa sababu ya jirani yangu. Ni mhasibu, ana miaka 36, hajaolewa. Wiki jana alinikaribisha chai, akafungua kabati, akatoa kitabu chenye jalada jekundu. Hati ya nyumba. Akanionyesha sehemu ya mmiliki: jina moja tu, lake. Akapitisha kidole pale taratibu, kama mtu anayempapasa mtoto usingizini.

Jamani, hilo si jambo dogo. Desturi ya huku ni mwanamume awe na nyumba ndipo aoe. Na mwaka 2011 Mahakama ya Juu ilifafanua sheria ya ndoa: mtu akinunua nyumba kabla ya kuoana, wakiachana kwa kawaida inabaki kwa yule ambaye jina lake liko kwenye hati. Mabinti wakajua pa kuweka akiba yao.

Wazazi wake ndio waliompa malipo ya kwanza. Salio anakatwa na benki kila mwezi. Wangempa nani mwingine? Sera ya mtoto mmoja ilidumu kuanzia 1980 hadi 2015, na huku mijini familia nyingi zilikuwa na binti tu, hana kaka wala mdogo. Ada yote, matumaini yote, yakamwendea yeye.

Halafu mabinti wa kizazi hichohicho waliosomeshwa namna hiyo, umri ukienda bila kuolewa, wakabandikwa jina: shengnü. Sheng ndilo neno la chakula kilichobaki; wali wa jana wanauita shengfan. Yaani mwanamke kiporo! Mwaka 2007 Wizara ya Elimu ililiingiza kwenye orodha ya maneno mapya. Msomi mzima, anayelea wazazi wawili peke yake, anaitwa kiporo. Linaniuma sana neno hili.

Mwaka 2013 China nzima iliandikisha ndoa zaidi ya milioni 13. Mwaka 2024 zilikuwa milioni 6.1. Vijana wenyewe wamepungua, maisha yamepanda, sababu ni nyingi. Ila msidhani wanawake hawa wanachukia ndoa. Jirani yangu anataka mume. Asichotaka ni kuambiwa aache kazi akalee, na mama mkwe ampangie siku.

Sasa, mama yake ni huyu niliyekaa naye. Ameniambia, "Mimi na baba yake tukiondoka, atabaki na nani?" Nimekosa jibu, nimemshika mkono tu.

Nimemwomba anisomee karatasi yake. Mwaka wa kuzaliwa, urefu, shahada ya uzamili, mhasibu. Na chini kabisa, kwa kalamu nyingine, wino bado mpya, ameongeza mwenyewe: nyumba anayo, ni yake.

Binti hajui kama mama ameandika hivyo. Nikirudi jioni nitamwambia.