Farasi wa miaka 3 kwa bei ya ghorofa

OKELLO: Karibuni tena, wasikilizaji, tuko Kampala. Dada Amina, nieleweshe. Farasi wa dresaji, yaani mashindano ya farasi kufanya hatua maalumu kwa amri ya mpandaji, ana miaka 3, hata kona hajui kukata vizuri, halafu huko Ujerumani mtu anamlipia pesa ya kujenga ghorofa. Analipia nini hasa?

AMINA: Mwendo, kaka. Wanamwachia uwanjani bila mpandaji, anatroti, yaani anakimbia mchakamchaka, miguu ya mbele inarushwa juu, watu wanapagawa. Mimi naangalia ya nyuma. Dresaji ya juu ni farasi kubeba uzito wake nyuma, mpaka atroti papo hapo bila kusogea. Wanaita piafe. Miguu ya mbele haikuambii kama ataiweza.

OKELLO: Kumbe! Wazee wa Mbarara wakinunua mtamba wanaomba kwanza kumwona mama yake.

AMINA: Na huku ni vilevile. Tena mwombe atembee tu, taratibu. Troti mwalimu mzuri ataiboresha, ila matembezi mabovu ni kazi kuyarekebisha. Halafu eksirei za viungo, kabla hujatoa hata shilingi.

OKELLO: Ukishamlipia, lini anaanza kushindana kwa wakubwa?

AMINA: Grand Prix, daraja la juu kabisa, haruhusiwi kabla ya miaka 8. Anaanza kupandwa kwenye miaka 3, na mifupa ya mgongo inaendelea kukomaa mpaka miaka 5 au 6. Lakini kuna ubingwa wa dunia wa farasi wa miaka 5, 6 na 7, na mwenye pesa yake anataka kombe sasa. Hapo ndipo sipatani nao kabisa. Poetin, jike bingwa wa miaka 6, aliuzwa mnadani mwaka 2003 kwa yuro milioni 2.5. Mwaka 2005 alikuwa amekufa.

OKELLO: Eh! Pole yao.

AMINA: Sasa mwangalie farasi Valegro. Carl Hester, mpandaji wa Uingereza, alimnunua Uholanzi angali mdogo, kwa bei ya kawaida. Mpandaji mwenzake Charlotte Dujardin akamfundisha hatua kwa hatua. Dhahabu Olimpiki ya London 2012, dhahabu tena Rio 2016.

OKELLO: Nikimleta mmoja wa hao hapa Munyonyo, karibu na ziwa?

AMINA: Utamzika, kaka. Usubi wa usiku wanaleta ugonjwa wa farasi wa Afrika, na mgeni kutoka Ulaya hana kinga yoyote. Sehemu nyingine kuna mbung'o. Chanjo, banda lenye wavu, aingizwe kabla ya magharibi, na hata hivyo hulali. Tafuta farasi aliyezoea huku, pesa inayobaki mlipe mwalimu.

OKELLO: Kuna msikilizaji wa Jinja kapata wa miaka 12, anauliza kama si mzee.

AMINA: Mzee wapi! Valegro aliweka rekodi ya dunia ya asilimia 94.3 ya alama mwaka 2014, akiwa na miaka hiyohiyo 12. Apige eksirei tu, halafu anunue.