Alex Pascall, sauti ya Karibiani katika redio ya London

Watazamaji wangu wapendwa mlioko Dar es Salaam, Mombasa na kwingineko nyumbani, nawasalimu kutoka London. Redio hii ndogo mnayoiona hapa dirishani nimeifungulia 94.9, masafa ya BBC Radio London, kwa sababu leo namzungumzia mtangazaji aliyewahi kuvuma katika kituo hiki, Alex Pascall.

Pascall alizaliwa Grenada, kisiwa cha Karibiani, mwaka 1936, akahamia Uingereza mwaka 1959, na alijulikana kwa ngoma na uimbaji kabla ya kushika kipaza sauti cha redio. Alipoanza kuongoza Black Londoners mwaka 1974, kipindi hicho kilisikika mara moja tu kwa mwezi, tena kwa majaribio; kufikia mwaka 1978 kilikuwa cha kila siku, na hakuna kipindi cha watu weusi kilichokitangulia kwa hilo nchini Uingereza. Sheria za huku wakati ule hazikuitambua redio ya jamii, ambayo ilikuja kuwekewa utaratibu wake mwaka 2004. Kwa hiyo aliyetaka kuwatangazia watu wake ama alirusha matangazo kwa kificho, akihofia mitambo yake kukamatwa, ama alibisha hodi BBC.

Wengi humkumbuka Pascall kwa wageni aliowahoji, wakiwamo Bob Marley na Muhammad Ali. Mimi naona uzito wa kazi yake ulikuwa kwingine. Dereva wa basi au muuguzi aliyetoka Jamaika, Trinidad au Barbados, ambaye mchana kutwa aliambiwa kwamba Kiingereza chake hakieleweki, hapa aliisikia lafudhi ya kwao ikiulizia mambo yanayomhusu, bila kuomba radhi. Vijana weusi 13 walipofariki katika moto wa nyumba huko New Cross, kusini mashariki mwa London, Januari 1981, kipindi hicho kilikuwapo. Majeshi ya Marekani yalipoivamia Grenada Oktoba 1983 kilikuwapo pia, na kiongozi wake alikuwa Mgrenada.

Pascall aliongoza pia kamati ya Notting Hill Carnival, tamasha kubwa la mitaani la Wakaribiani wa London, katika miaka ya themanini, kazi ambayo ingetosha kumchosha mtu asiye na kipindi cha redio. Black Londoners ilikoma mwaka 1988, mwaka ambao kituo chenyewe kilifungwa na nafasi yake kuchukuliwa na GLR (Greater London Radio), kituo kingine cha BBC. Pascall alitunukiwa OBE, nishani ya heshima ya Uingereza, mwaka 1996.

Jina la BBC Radio London limekwisha kurudi hewani. Kama nyumbani kwenu yupo mzee aliyesoma au kufanya kazi huku miaka ile, muulizeni kama aliwahi kumsikiliza Pascall, kisha mniandikie alichowaambia.