Friji Inajaza Barafu Nyuma? Pima Bimeto Ikiwa Baridi

Habari zenu, ndugu zangu. Nipo dukani kwangu hapa Katwe, Kampala, na friji hii ni ya mama mmoja kutoka Makindye. Anasema juu nyama inaganda vizuri, chini maziwa yanachacha. Akiizima siku mbili inapona, baada ya wiki yale yale. Kuna fundi alishamjazia gesi, akala pesa, na tatizo likabaki palepale. Gesi haihusiki hapa.

Friji hizi za nofrosti, yaani zinazojiyeyushia barafu zenyewe, zina koili (bomba zinazotoa baridi) nyuma ya friza, na feni inayopuliza ile baridi mpaka chini. Kila baada ya saa kadhaa taima inazima kompresa na kuwasha hita, barafu iyeyuke. Hita isipowaka, barafu inaziba njia ya hewa.

Chomoa waya ukutani. Toa vyakula, toa rafu, fungua skurubu za kibao cha nyuma. Hayo mnayajua.

Haya, mjomba, sogeza simu hapa. Mnaona? Koili imekuwa kama ukuta uliopigwa plasta. Sasa, kisu hapana! Bisibisi hapana! Bomba hizi ni laini, ukitoboa umeua friji, na nyingi za siku hizi zina gesi ya R600a ambayo inashika moto. Weka bakuli la maji moto ndani, funga mlango, nenda ukanywe chai. Mimi yangu iwe na tangawizi nyingi, sukari kidogo.

...Tumerudi. Barafu imekwisha. Hita ndiyo hii ya chini. Tunachomoa soketi yake, tunaweka testa... haisomi kitu. Hita imekufa, jamani, na hita ninazo hapa, za saizi... Ee? Mpwa wangu ananionyesha kidole. Astaghfirullah, testa niliiacha kwenye volti! Msicheke. Naigeuza kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa umeme. Sasa: 310. Kwa umeme wetu wa volti 240, ukipata kati ya 200 na 400 hivi, hita nzima.

Fyuzi ya joto, hii nyeupe: testa inalia, maana umeme unapita, nzima. Ikikatika weka mpya, usiunganishe waya moja kwa moja. Nimeshaona friza iliyoyeyuka plastiki kwa ujanja huo.

Sasa tulieni hapa. Hiki kidude cha duara, kama kifuniko cha soda, kimebanwa kwenye bomba la koili. Ndiyo bimeto. Kazi yake ni kuruhusu hita iwake koili ikiwa baridi, na kuikata joto likipanda. Kwa hiyo ukiipima hivi, ikiwa na joto la chumba, testa hailii. Hiyo si mbovu! Narudia: bimeto ya joto isipolia, si mbovu. Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi nilitupa tatu nzima, moja ya shemeji yangu, na mpaka leo ananikumbusha kwenye harusi.

Pima ikiwa baridi. Barafu ndani ya kikombe, chumvi vijiko viwili, koroga. Barafu tupu inaishia sifuri, na bimeto nyingi zinataka chini ya hapo. Chumvi ndiyo inashusha. Ifunge kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, isilowe, izamishe dakika kumi. Pima ikiwa bado mle mle, usiitoe kwanza... Kimya. Sikiliza tena. Kimya. Sasa ndiyo tunasema imekufa.

Mpya ninayo. Angalia namba iliyoandikwa mgongoni, ifanane na ya zamani. Unganisha waya, ziba vizuri maji yasiingie, ibane palepale ilipokuwa, igusane na bomba. Ikining'inia hewani haitasikia baridi.

Kabla ya kufunga, mimina kikombe cha maji kwenye tundu la chini. Yakitoka nyuma kwenye trei, sawa. Hapa yanasimama... kumbe kuna maganda ya maharage. Pitisha waya laini, taratibu. Haya, yanaenda.

Rudisha kibao, washa. Usiizungushe taima leo ukitaka kujaribu hita, koili bado ina joto na bimeto haitaruhusu. Mnaona, ni ileile! Iache mpaka kesho asubuhi, ndipo uizungushe kwa bisibisi polepole mpaka isikike "tak" na kompresa inyamaze. Weka sikio kwenye trei ya nyuma. Baada ya muda mtasikia matone.